Kidole Gumba cha Mama

Sebule ilifurika watoto na wakwe, kila mmoja akidakia kumweleza mtafiti jinsi mama yao mgonjwa anavyotunzwa.

"Dada'angu, humu ndani mama anadekezwa kama bi harusi!" alitamba mkwe mkubwa, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Ilibaki ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Mtafiti akaingia chumbani na fomu na pedi ya wino, familia ikimfuata nyuma, akamshika mama kidole gumba.

Kilikuwa cha baridi, kikavu, kigumu kama mpini. Hakikukunjika.

Mtafiti akakiachia. "Nani kamletea chai asubuhi?"

Mkwe mkubwa akamgeukia mkwe mdogo.

"Si zamu yako?"

"Yangu? Mimi tangu juzi najua uko naye wewe."