Nyota ya Dirishani

"Nisomee namba za seva ya majina, mama," fundi wa kampuni ya intaneti alisema kwenye simu. "Ndiyo huiambia kompyuta kila tovuti iko wapi."

Gunvor, ambaye tangu jana hakuna tovuti iliyomfungukia, akazisoma.

"Hizo si zetu. Nani kaziweka?"

"Marehemu mume wangu. Nyie hakuwaamini hata kidogo."

"Basi seva ni yake, imo humo humo nyumbani. Hujazima kitu?"

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi. Kama majirani wote, Gunvor alitundika nyota ya taa dirishani, na ili apate soketi akachomoa kisanduku cha mumewe.

Sasa akaichomoa nyota, akakirudisha kisanduku. Kitaa chake cha kijani kikasitasita, kikawaka; tovuti zikafunguka.

"Nikuwekee zetu, mama?"

"Ziache hizo hizo, mwanangu. Yuko kazini."