Vioo Vitatu vya Fadhul

"Asipumue mutu," alisema Fadhul, akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera.

Koplo Sebit alibana pumzi. Nyuma yake, kwenye ukuta wa stoo ya Koboko, yalipangwa maboksi arobaini ya dawa ya malaria. Yalifika siku tisa zilizopita na hakuna aliyemeza hata kidonge. Kamanda alikataza yasiguswe mpaka yapigwe picha ya rangi, wakubwa wa Kampala waone jinsi wananchi wanavyotunzwa. Filamu ya rangi haikuwepo Koboko wala Arua. Basi wananchi wakatunzwa hivyo hivyo. Mke wa Sebit alitunzwa mpaka siku ya nne, akazikwa hatua mia mbili kutoka kwenye maboksi.

Sasa binti yao, Norah, alikuwa na homa ile ile. Asubuhi mama mkwe, Filda, alimwambia, "Nenda kwenye picha yenu. Simama vizuri, kama nguzo." Sebit alimeza dhihaka hiyo, akaondoka.

Fadhul, mpiga picha, alikuja kutoka Oli, mtaa wa Arua, na maneno yake matamu. "Filamu nyeusi na nyeupe inatosha, afande. Napiga mara tatu: kioo chekundu, kijani, bluu. Nikizipandanisha, rangi yote inatoka. Lakini askari wote waingie, hata wa zamu. Na mutu akigeuka, atatoka na vichwa vitatu, kila kichwa rangi yake."

"Mimi kichwa yangu iko moja," alisema Kamanda, akanyoosha shingo.

Mtu wa kujipendekeza huyu mpiga picha, Sebit aliwaza. Mtoto anawaka moto, yeye anacheza na vioo.

Kioo chekundu. Jasho likamwingia Sebit machoni.

Cha kijani. Kitu kilikwaruza mchanga nyuma yao.

"Iko nini huko?" Kamanda aliuliza bila kufungua midomo.

"Upepo, afande. Sura iko nzuri sana, usiharibu."

Cha bluu kilichukua muda kuliko vyote. Mahali fulani mtoto alikohoa, akanyamazishwa. Kamanda alitabasamu mpaka mashavu yakaanza kutetemeka.

"Imekwisha."

Waligeuka. Ukuta ulikuwa mtupu. Nyayo za miguu mitupu, nyingi, zilielekea kwenye mihogo.

Kamanda alicheka. "Wajinga hawa. Wameiba mbele ya kamera. Picha ikisafishwa, tutawajua mmoja mmoja, na tutawamaliza mmoja mmoja. Koplo, angalia kama filamu iko salama."

Fadhul alisimama kando, macho chini.

Sebit aliingia chini ya kitambaa, akafungua mgongo wa kamera, akapapasa. Hamkuwa na filamu. Alipapasa tena, polepole, kisha akafunga, akatoka juani, akapiga saluti.

"Iko salama, afande," alisema. "Lakini kila rangi inakauka wiki moja."