Pembe ya Nimegee

Ngumi ya kwanza ilimpata Mkubwa mdomoni, jino likaangukia kwenye trei ya biskuti. Bibi akaliwahi kabla trei haijaingia tanurini, akalipuliza unga, akalitia mfukoni.

"Piganeni, waume zangu," alisema, "ila msiniharibie mali."

Walikuwa wajukuu zake wawili, na kiwanda cha biskuti za Nimegee kilikuwa chao. Mkubwa alisimamia tanuri. Mdogo wake, Kitinda, alisimamia mauzo, mdomo ukimtangulia. Siku hiyo alikuja na gari la vyuma chakavu. Alitaka kuuza kalibu la Babu, kile chuma kizito kilichokata Nimegee ya kwanza, kisha waanze kuoka biskuti za duara.

Nani asiyeijua Nimegee? Mraba wa pembe tatu, ya nne imemegwa. Kalibu lenyewe lilikuwa hivyo hivyo, na kila pakiti ilieleza sababu: *Babu alimmegea mkewe pembe moja, akasafiri.* Hakurudi tena. Bibi alipolisimulia hilo watu walilia, na waliolia walinunua.

"Babu aliacha mapenzi yake kwenye kalibu hili," Mkubwa alisema, akitema damu. "Haliuzwi."

"Mapenzi gani? Mzee alikimbia, kaka. Wewe unalinda kutu."

"Rudia."

"Alimkimbia Bibi. Au nilie ndiyo usikie?"

Bibi alicheka puani, mikono ikiendelea kupanga biskuti. "Babu yenu hakuwa mtu wa mbio. Wepesi wake ulikuwa wa kofi."

Kitinda akalinyakua kalibu. Mkubwa akamrukia, likaanguka mezani kwa kishindo. Kitinda akamkaba kaka yake koo, akamgandamiza kwenye mlango wa tanuri mpaka shati likaanza kunuka moshi. Mkubwa akapapasa mezani nyuma ya mgongo wa mdogo wake. Vidole vikakutana na chuma. Akapiga. Akapiga tena, na mlio ukabadilika. Kitu kidogo kikadondoka sakafuni, ting.

Kisha akadondoka Kitinda. Unga uliomwagika chini ya kichwa chake ukawa uji mwekundu.

"Kitinda. Amka, nakuachia kiwanda chote. Uza unachotaka." Mkubwa alimtikisa bega, akamtikisa tena. "Bibi, nimemuua. Nimemuua mdogo wangu."

Nje, gari la vyuma likapiga honi.

Bibi alikuja na mwendo wake wa bata, akampita marehemu, akainama kuokota kile kipande. Akakipachika kwenye kalibu, palipomegeka sasa hivi: kilikaa sawasawa. Zilikuwa zimebaki pembe mbili. Akalifuta kalibu kwa pindo la aproni, polepole, akianzia kwenye kona ambako damu hupenda kujificha.

"Nyamaza, mume wangu," alisema. "Pakiti tutachapa upya. Tutaandika na huyu naye amesafiri."