Hodi Pangoni

Kila Jumamosi joka lilianza kwa kummeza Eddie. Eddie alikuwa na upanga, na Eddie akishika upanga hasikii la mtu. Akishaliwa yeye, Belyse na Ngabo walifuata, na ngoma ya mfalme waliyotumwa kuitwaa ilibaki kulekule pangoni, chini ya tumbo la joka.

Ulikuwa mchezo tu, wa dadu na maneno, uliochezwa ghorofani juu ya baa moja ya mtaa wa Gisimenti. Aliyeuendesha ni Mutsinzi. Yeye ndiye aliyekuwa mvua, walinzi wa mlango, na hasa joka, kwa sauti nzito iliyowafanya wahudumu wapande ngazi kuchungulia.

Jumamosi hii Eddie alikuwa harusini Musanze, na safari bila mtu wa tatu haianzi. Belyse akaja na bosi wake.

"Alinisikia ofisini nikisimulia mchezo wetu," alimnong'oneza Ngabo. "Akauliza nani anauendesha. Nilipomtajia, akasema na yeye atakuja. Ningemkatalia vipi?"

Madamu Connie, wakili mwenye ofisi Kiyovu, aliketi wima, mkoba mapajani. Mutsinzi alipoinua macho akamwona, dadu zikamtoka mkononi zikaviringika hadi chini ya meza. Belyse alimwelewa. Hata yeye alimwogopa yule mama, ingawa alimwona kila siku.

"Unachagua silaha gani?" Mutsinzi aliuliza bila kumtazama.

"Sihitaji."

Ngabo akaguna. Walivuka mto, wakapanda mlima, wakafika pangoni. Ngabo akatangaza kwamba anavuta upinde. Connie akamzuia kwa kidole kimoja.

"Nabisha hodi," alisema.

Tangu waanze mchezo ule, hakuna aliyewahi kubisha hodi.

"Nani?" joka likauliza hatimaye.

"Mgeni. Umekula?"

"Mimi nakula watu."

"Sikuuliza unakula nini. Nimeuliza kama umekula. Naona umekonda."

Belyse akang'ata mdomo asicheke.

"Ngoma sitoi," joka likanguruma, ingawa safari hii wahudumu hawakusikia kitu. "Huko mjini kwenu mlisema kulinda ngoma si kazi. Mkanicheka."

"Tulisema. Hata mimi nilisema." Connie alishusha mkoba sakafuni. "Tulikosea. Baki na ngoma yako. Mimi nimekuja kukuona wewe."

Belyse alisubiri moto. Alishaanza kuhesabu vijana wa kumzika bosi wake.

Moto haukuja. Mutsinzi alikusanya dadu polepole, moja moja, akazirudisha mfukoni.

"Ichukueni," alisema. "Mmeshinda."

Ngabo akapiga meza kwa viganja viwili. Belyse akamrukia shingoni, wakacheka kama watoto, wakabishana nani atampigia Eddie simu kumpa habari. Ilipita dakika nzima kabla Belyse hajaona kwamba Mutsinzi hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya Madamu Connie, na alipozungumza, haikuwa sauti ya joka.

"Mama, baba anajua umekuja huku?"

"Yuko chini, ndani ya gari," Connie alisema. "Amesema hapandi mpaka umwite."