Kisu Kinacholala Kikali

Kisu kilikuwa butu tena.

Bwana Stoo alikigandamiza juu ya nyanya. Nyanya ikabonyea, ikateleza, ikaanguka sakafuni ikiwa nzima. Jana jioni kisu hichohicho kilikuwa kimemnyoa malaika ya mkono, na kipara cha ushahidi bado kilionekana.

"Labda ni jiwe, mume wangu," mkewe alisema kwa huruma.

"Ni jiwe," alikubali. "Nilijua tu ni jiwe."

Alikuwa ametunza stoo ya kiwanda miaka thelathini na mmoja, na jina likamganda. Miezi minne iliyopita walimstaafisha kwa keki na hotuba. Wiki ya kwanza nyumbani alizipiga sufuria namba kwa rangi nyeupe. Ya pili alisimama jikoni na daftari, akiuliza kwa nini vimetoka vitunguu vitatu wakati viwili vingetosha. Ya tatu mkewe akamwambia kwamba visu havikati, naye akahamia kwenye banda la gari, banda ambalo halijawahi kuona gari.

Alianza na grinda ya mkono, maana muuza vifaa alisema inafanya kila kitu. Kweli ilifanya kila kitu: ilikata, ilisugua, na ilirusha cheche hadi kwenye kamba ya nguo. Kisu cha kwanza kilitoka na meno kama msumeno. Akanunua grinda ya mezani, yenye jiwe upande huu na jiwe upande ule. Jiwe la chembe kubwa lilikula chuma kama mchwa. Lile laini lilikichoma hadi makali yakageuka rangi ya buluu, na chuma kikishafika hapo kimekufa, hakifai hata kupaka siagi. Akanunua jiwe jeupe lisilochoma sana. Akanunua gurudumu la kitambaa la kung'arishia, kishikio cha kuzuia kisu kisiyumbe, na miwani iliyomfanya afanane na chura.

"Mzee, hivi unanoa nini?" muuza vifaa alimuuliza safari ya sita.

"Visu."

"Una bucha?"

"Vya nyumbani."

"Vingapi?"

"Vilikuwa vinne."

Muuza vifaa aligeuka upesi, akaanza kupanga rafu iliyokuwa imepangika.

Jambo lenyewe lilikuwa la ajabu. Jioni kisu kilikata karatasi hewani. Asubuhi kilikuwa kijiko. Bwana Stoo alitafakari sana, akagundua kwamba chuma kikilala hulegea, kama binadamu tu. Alimweleza muuza vifaa, naye akakubali bila kubisha, kwa sababu alikuwa bado hajauza jiwe la kijani.

Mkewe hakulalamika hata siku moja, si kelele, si vumbi, si gharama. Chai ilimfuata bandani na chakula kikamfuata bandani. Wenzake waliostaafu naye walimwonea wivu. "Mwenzetu umeoa," walimwambia. "Sisi tumefungwa."

Kisha mama mkwe akaja kukaa wiki mbili. Mwanamume anaweza kukosa gari, anaweza kukosa hata nywele, lakini kumtazama mama mkwe akipasua nyama kwa kuivuta na vidole, na grinda mbili zinanguruma nje, hiyo ni aibu ya kuhama mji.

"Bado, baba," mama mkwe alimwambia kila asubuhi, akimrudishia kisu kwa heshima zote.

Siku ya tano jioni, alipomaliza kukinoa tena, Bwana Stoo alikifunga kisu kwenye gazeti, akatoka kimyakimya hadi kwa mzee mmoja aliyenoa visu vya mabucha yote ya sokoni. Alikwenda kukiri ameshindwa. Mzee alikigusa makali kwa kidole gumba, akakirudisha kwenye gazeti.

"Mimi sikigusi hiki. Nani kakinoa?"

"Mimi."

"Basi kesho usije na kisu. Njoo tufanye kazi."

Bwana Stoo alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Mbele ya wanawake wote wawili alikata karatasi vipande vyembamba kama nyuzi, kisha akakilaza kisu kwenye droo kwa mikono miwili, kama mtoto.

"Hiki kikiamka kikali, kazi imekwisha," alitangaza. "Banda nalifunga. Narudi ndani, mke wangu, nikusaidie hapahapa jikoni. Kutwa nzima."

Mkewe na mama yake walitazamana.

"Tuombe Mungu," mkewe alisema.

Asubuhi aliamka kabla ya wote, au alidhani hivyo. Kitanda kilikuwa kitupu upande wa pili. Akatoka na ndoo hadi bombani nyuma ya nyumba, maana jiwe jeupe linataka maji ya kupoza, na mtu mwangalifu hujiandaa kwa lolote. Hapo akasikia sauti kutoka upande wa jikoni. Kwaru, kwaru, kwaru.

Alichungulia kwenye kona ya ukuta. Mkewe alikuwa amechuchumaa, khanga ameifunga kifuani, akisugua makali ya kisu kwenye ngazi ya saruji ili yafe, mbele na nyuma, kwa mkono uliozoea. Mama mkwe alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Taratibu, mwanangu, utakimaliza. Umebakiwa na vingapi?"

"Hiki na kile cha mkate."

"Utanunua vingine, usivionee uchungu. Baba yako alikaa bandani miaka kumi na mmoja baada ya kustaafu, Mungu amrehemu, na hakukanyaga jikoni kwangu hadi anaingia kaburini. Mimi ilinigharimu visu tisa, mapanga mawili na mkasi."