Gilasi ya Kijani kutoka Koboko

Uvumi ulifika mtaa wa Awindiri kabla vumbi la basi la Koboko halijatulia: kuna gilasi ya kijani, mtu anayewawekea wengine sumu akiishika inageuka rangi ya damu. Kulusum aliusikia mara moja tu, ukamganda kama kupe. Mwanawe wa pekee, Yasiri, alikuwa anahara, na mtaani watu walishaanza kunong'ona juu ya sumu. Akaenda Koboko, akarudi nayo.

"Ndani ya hii kioo iko vumbi ya dhahabu na fedha," Ramathan muuzaji alimwambia. "Ndogo sana, jicho haiwezi kuona. Inacheza na mwanga: mwanga ikitoka nyuma yake, rangi inageuka."

Kulusum alisikia dhahabu. Mwanga ulimpita.

Nyumbani alikuta mumewe Tahiru amepita kutoka shamba lake la tumbaku kule Ajia, ameacha jerikani tupu nyuma ya mlango. Akashukuru kupata chombo, akateka maji.

Jioni jirani yake Concy alileta maji ya sukari na chumvi kwa ajili ya mtoto, akaketi kizingitini.

"Mimina humu," Kulusum alisema, akimpa gilasi. "Onja kwanza."

"Eh, Mama Yasiri! Tangu lini mimi naleta kinywaji bila kuonja?" Concy alicheka, akainua gilasi.

Ikawa nyekundu kama kaa la moto.

"Toka! Muuaji wewe!"

"Dada, jua iko nyuma yangu! Kaa hapa wewe mwenyewe, ushike, utaona!"

Kulusum alimpokonya gilasi, akamwaga maji yale mchangani, akafunga mlango.

Ndani dirisha lilikuwa mgongoni mwake, na gilasi ikarudi kijani. Yasiri alilia kiu. Akamchotea maji ya jerikani. Hakuonja, nani humwonjea mtoto wa tumbo lake? Aliitazama gilasi tena: kijani, kama kisamvu. Akamnywesha mpaka tone la mwisho.

Kabla ya magharibi mtoto alitoka povu mdomoni, macho yakapanda juu. Kulusum alimkumbatia akaita, "Concy! Concy!" na mlango ameufunga mwenyewe. Gilasi ililala mkekani, kijani kabisa.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Gilasi ya kupima mioyo ya watu.

Kumfukuza jirani kabla hajamaliza kusema.

Kumpa mtoto kitu ambacho hujaonja.

Kuteka maji kwa jerikani iliyobeba dawa ya kupulizia tumbaku, hata kama aliyeileta ni baba wa mtoto.