Maana ya Arya

Mlango wa lifti ya kliniki kule Sharpstown, ughaibuni, ulipofungwa, ndipo Badria alipoona neno lililochorwa kwa tatuu shingoni mwa Mzungu aliyeingia nyuma yake: ARYAN. Alilijua. Ni la wale wasiotaka watu weusi mjini.

Akamkumbatia mwanawe mchanga.

"Anaitwa nani?" Mzungu aliuliza.

Angeweza kudanganya.

"Arya."

"Hilo ni jina letu."

"Ni la kabila la kale la huko kwa baba yake, India," alisema Badria. "Kwa Kisanskriti, lugha yao ya kale, maana yake muungwana."

Mtoto, rangi ya maji ya kunde, akakunjua vidole, akavikunja tena.

Lifti ikafunguka. Yule mtu alisimama mlangoni, hakusogea kuwapisha.

Badria akapiga hatua kumwelekea.